Alininyang'anya mikro mbele ya kanisa, sasa wanataka nisaini barua ya kumhamisha

Bwana asifiwe mama mshauri,

Niko nakuandikia usiku, umeme umekatika tena, bwana yangu amelala na mi usingizi umenikataa kabisa. Nimezoea kusoma vile unajibu wengine, nikasema wacha na mimi nitoe hii kitu kwa roho juu ikibaki ndani itanimaliza. Jina usitie. Hata bila jina watu wa kwetu wakisoma watajua ni mimi, basi wajue, wamekwisha kuizungumza wao wenyewe kule sokoni.

"Hapa haiko kwa kilio, mama." Hiyo njo neno mchungaji wetu aliniambia. Mbele ya kanisa nzima, wageni wako, koral, kwaya yetu, imesimama na vitenge vyao, mtoto wangu wa mwisho yuko kwenye bafle, ile spika, anatengeneza sauti. Na hakunisemea kwa sikio, alisemea kwenye mikro. Alikuja akaichukua mkononi mwangu, hakuvuta kwa nguvu, hapana, alitumia vidole viwili tu, vile unatoa kitu kichafu kwa mkono wa mtoto, bafle ikapiga ile fiiii, akageukia watu akiwa anacheka, akasema hapa haiko kwa kilio mama, furaha ya Bwana njo nguvu zetu, kanisa inasema nini? Na kanisa ikasema amen. Watu ambao nimeosha maiti zao, nimepikia wagonjwa wao, wakasema amen. Nikarudi kukaa. Mtoto wangu akatoka nje hakurudi mpaka ibada ikaisha.

Sasa mama usifikiri mi ni mtu wa kulialia. Uliza mtu yeyote. Mi niko kwa hii kanisa tangu kabla ya volkano ya 2002, ile nyumba ya kwanza ilifunikwa na mimi ni mmoja wa wale waliobeba mawe ya volkano kwa kichwa kujenga hii ya sasa, nilikuwa na mimba na nilibeba. Naongoza wamama, niko ndani ya komite. Ile siku ya yenga (Jumapili) nilipewa dakika zangu za maombi ya wamama kama kawaida, nikaanza wimbo, na katikati ya wimbo nikaona yaya yangu, dada yangu mukubwa, amekaa kwa benchi ya pembeni, peke yake, na pale karibu yake njo mahali binti yake alikuwa anakaaka. Sauti ikakatika. Ilikuwa ni hivyo tu. Sikupiga kelele, sikuanguka chini. Machozi ilitoka na wamama wengine wakaanza kulia na wao, polepole, na mi nikawa naomba hivyo hivyo na machozi. Hiyo ni zambi gani?

Unajua ya mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia hapa Goma, sitarudilia. Yule binti risasi ilimukuta ndani ya nyumba, chini ya kitanda alikojificha. Ile wiki watu wa Msalaba Mwekundu walikuwa wanaokota miili kwa barabara, mi na yaya yangu tulizika kwa haraka haraka, hakuna turubai, hakuna viti, hakuna wimbo hata mmoja, kila mtu akakimbilia kwake. Kilio, ile ya matanga, hatukufanya. Njo maana ile neno ilinichoma mpaka leo, juu angeniambia kitu ingine yoyote, angesema mama wakati umepita, mama kaa chini, ningekubali. Lakini kuniambia haiko kwa kilio, mimi ambaye kilio sikupewa!

Na ile mstari aliyonipigia, mi niliirudilia nyumbani na taa ya telefone. Nehemia 8. Ni kweli watu walikuwa wanalia na wakaambiwa wasilie, sikatai. Lakini yeye alichukua kipande akaacha kingine. Pale pale wanaambiwa waende wakule kinono, wakunywe tamu, na wapeleke sehemu kwa yule hakutengenezewa kitu. Ile furaha ilikuja na sahani mama. Nani kati yetu alipelekewa sahani? Banki zilifungwa, watu wanakata pesa kwa telefone na wanaacha asilimia kwa mwenye kibanda, wengine mshahara hawajauona, na mchungaji anapita mbele anasema geukia jirani yako umuchekee. Na ukifungua sura ya 9, ule ule mwezi, siku ya 24, wale wale watu wamevaa magunia na mavumbi wanafunga na wanaungama, na hakuna mtu aliwanyang'anya kitu. Basi furaha na machozi vilikuwa ndani ya watu wamoja, ndani ya mwezi moja. Mi sikusoma teolojia. Yeye alisoma.

Tena iko kitu ambacho sijaambia komite. Huyu mchungaji mi nilimufundisha ekodim, yale masomo ya Biblia ya watoto siku ya yenga. Ni kijana wa kwetu, alienda kusoma akarudi mchungaji, tukashangilia, mi mwenyewe nilimushonea shati ya kwanza ya kazi. Akiwa mtoto alikuwa anakaa mbele kabisa, na ile siku tulifika kwa Yusufu kuuzwa na ndugu zake alilia mpaka kamasi ikashuka, wenzake wakamucheka, nikamuweka kwa magoti nikamalizia habari akiwa hapo. Nikamuambia Yusufu mwenyewe akiwa mukubwa kule Misri, liwali, alilia kwa sauti mpaka nyumba ya Farao ikasikia, na hakuna mtu alimutoa kwa kazi juu ya hiyo. Nilimufundisha hivyo mimi. Sijui wapi aliiacha.

Juu sasa mama, huyu mtu hawezi kuona mtu amekunja uso. Ukimuletea habari mbaya anakukatisha, anasema acha roho ya huzuni. Mzee mmoja alileta hesabu ya sadaka kuonyesha kwamba pesa ya kulipa sentineli, yule mlinzi, haifiki, alisimama akatoka na akapiga mlango mpaka saa ya ukutani ikaanguka. Halafu siku ya yenga amefika anacheka, anaruka, anasema amen ndogo mi siitaki. Akikukasirikia hakuite, utajisikia tu kwa mahubiri, watu wote wanajua anasema nani ila wewe njo unabaki kutazama chini. Rais wa koral aliacha kazi juu ya hiyo. Mi nafikiri mtu anaweza kuwa anapiga vigelegele na ndani amefura hasira, na sisi wote tunaijua, ila anaongoza basi tunasema amen. Mtume Paulo kaandika kwa Wakorinto kwamba wao hawatawale imani ya watu, wao ni wasaidizi wa furaha yao. Msaidizi! Kusaidia mtu afurahi na kumuamuru afurahi, si kitu kimoja.

Yule mchungaji wetu wa kabla ya huyu hakuwa hivyo. Wakati wa volkano ya 2021, ile amri ya kutoka mji ilipokuja, alitembea na sisi mpaka Sake kwa miguu, na pale tulifika akakaa chini akalia mbele yetu, mwanaume mzima, akasema Bwana mi nimechoka na hawa watu wamechoka. Usiku ule ule akatuimbisha. Watu walicheka usiku ule, na watoto wako na njaa, walicheka kweli kweli, na hakuna aliyewaambia wacheke. Mi furaha ninayoijua ni ile. Simlinganishe na huyu, kila mtu na neema yake, ila siwezi kuacha kuona.

Mama nimekwisha samehe, nataka ujue hiyo. Mi siko na kisirani naye. Sihitaji aniombe msamaha, ya nini, mtu mzima kama mimi. Ila kama angesimama siku moja tu, kwa ile ile mikro, akasema ile siku nilimukosea mama, neno moja, halafu aendelee na mahubiri yake. Juu alinivunja mbele ya watu, sasa akinitengeneza chumbani watu watajuaje? Lakini tena sitaki watu waanze kuzungumza tena. Bwana yangu anasema wewe hata hujui unataka nini, twende ile kanisa ingine chini kule, tusali kwa amani. Mi siendi. Mawe nilibeba mimi.

Tangu ile siku sijaongoza maombi. Wamama wananiambia simama, nasema koo inauma. Naona aibu kuandika hii lakini nitaandika: sijui kama niko na haki ya kusimama mbele ya wamama wakati furaha haiko ndani yangu. Naitafuta siioni. Nikiimba naimba na mdomo. Kama mchungaji anakosa juu anacheka na furaha haiko, na mimi je, ninyamaze mpaka irudi ao niongoze hivi hivi? Lakini hiyo tuiache, shida iko kwa barua.

Komite wameandika barua kwa wakubwa wa juu waombe ahamishwe. Wazee wamekwisha saini. Wanasema saini ya wamama ikikosekana wakubwa watasema ni ugomvi wa wanaume na kiti. Na ndani ya barua wameandika habari yangu, ile ya mikro, wameiweka ya kwanza kabisa, bila kuniuliza. Niliposoma nilifurahi kwanza, sikudanganye, nilisema mwisho mtu ameona. Halafu nikaona wameandika na mambo ya pesa na mambo ya kiti cha makamu ambayo mi siyajui, na jina yangu njo inabeba yote.

Ningesaini. Nilikuwa nimeshika biki. Lakini mbele ya hapo nilikutana na bibi ya mchungaji, mke wake, kule soko ya Kituku, tunangojea samaki, nilikuwa nimepanga nimusalimie nipite. Akanishika kitenge. Akaniambia mama, huyu mtu halale. Anakaa kwenye kiti ya uwanja usiku kucha, nikimuita anasema anaomba, lakini haombe, amekaa tu. Mdogo wake alikufa ile wiki ile ya mwezi wa kwanza, wewe unajua, mwili hawakuuona, na siku ya yenga iliyofuata alihubiri furaha. Watoto amewakataza kutaja jina ya baba yao mdogo ndani ya nyumba. Kilio hakufanya. Akaniambia usiseme kwa mtu mama, akijua nimesema atanichukia.

Basi nikarudi nyumbani na samaki na sikupika.

Unaona pale niko? Kama nikisaini, wanamuhamisha, wapi, wakati huu, ndege hakuna, barabara unazijua, bibi na watoto wadogo, na hata kule atakoenda atafika akiwa vile vile na atanyang'anya mama mwingine mikro. Kama sisaini, wazee watasema amenilipa, ao ninamutetea juu ni mtoto wangu wa ekodim, na yeye ataendelea. Kama nikiambia komite sababu, nimevunja neno ya bibi yake. Mi nafikiria niende kwake, si kama memba wa komite, kama mama, nikae pale uwanjani usiku, nimuambie baba mchungaji, ao nimuite ile jina yake ya utoto, nimuambie tufanye kilio, chako na changu, turubai moja, tuite watu. Wakati mwingine naona hiyo njo Mungu ananiambia. Halafu nakumbuka vile vidole viwili na ile amen ya kanisa nzima, na hasira inanipanda, nasema mi nimuendee juu ya nini? Yeye njo alinikosea. Yeye njo mchungaji. Kwa nini ni mimi kila mara nibebe, mimi na mawe, mimi na kila kitu? Mchungaji analipwa kuchunga.

Wengine wataniambia mtiwa mafuta haguswi. Hiyo usiniandikie, naijua. Hata Musa alipewa kazi na Mungu mwenyewe na ile siku aliwaitia watu waasi na akapiga mwamba mara mbili kwa hasira, maji ilitoka, watu walikunywa, lakini Mungu hakunyamaza. Kwa hiyo kumuambia mchungaji ukweli haiko kumugusa. Ila sijui kama ukweli ni ile barua ao ni ile kwenda kukaa naye.

Na usiniambie niombe tu, nimeomba.

Siku ya ine (Alhamisi) baada ya repetisio ya koral mzee atapita nyumbani kuchukua karatasi. Nikimurudishia bila saini atauliza sababu, na mi sijue kudanganya. Nisaini ao niende kwa yule kijana kwanza? Na kama nikienda akanifukuza, bado nitaweza kusaini bila watu kusema ni kulipiza? Nijibu mbele ya siku ya ine kama unaweza, hata maneno mawili.

Mama mmoja, Goma