Tuuze nyumba kwa pesa ya korosho au tungoje gesi?

Ndugu Mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Chikongola, Mtwara mjini. Ninapika chakula karibu na stendi, huu mwaka wa kumi na sita. Mume wangu ni mtumishi wa serikali na anastaafu mwakani. Nakuandikia kwa sababu mwezi mzima sasa ndani ya nyumba hakuna amani, na kinachotugombanisha ni nyumba nyingine, ile tuliyojenga Mangamba.

Mwaka 2012 mji huu ulikuwa haushikiki. Kila mtu ni gesi, gesi. Shangani nyumba zilipangishwa kwa dola, na kiwanja ulichoulizia asubuhi, jioni kina bei nyingine. Baba watoto akachukua mkopo wa mshahara, tukanunua kiwanja kwa milioni 9. Hata mwezi haujaisha dalali akatuletea mtu wa milioni 13, tukakataa. Tukajenga vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, na fensi kuzunguka yote. Saruji enzi hizo tulikuwa tunaisubiri itoke Dar es Salaam kwa lori, na gharama ya njia yote iko juu yako. Mpaka tunakabidhi funguo kwa mpangaji wa kwanza mwaka 2014 zilikuwa zimekwenda milioni 68. Hesabu hiyo sikisii, risiti zote ninazo kwenye kopo la maziwa ya unga, mpaka za misumari.

Mpangaji huyo alikuwa msimamizi kwenye kazi ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Alilipa 600,000 kwa mwezi, mwaka mzima mkononi. Bomba likakamilika 2015, akaondoka na wenzake wote. Aliyemfuata alitoa 300,000, na baada yake mwalimu mmoja, 150,000 kwa miezi sita sita. Tangu Machi nyumba iko tupu. Nanunua umeme wa taa ya nje ili wezi wasizoee, na kila mwezi Luku inakata kwanza 1,500 ya kodi ya jengo. Juzi nilikwenda kufagia nikakuta jipsamu ya chumba cha masta imeshuka kona moja, ina doa la njano, na harufu ya popo imejaa mpaka kabatini. Nilikaa sakafuni pale nikalia, Mshauri. Mkopo wa nyumba ile ulitunyima mengi.

Sasa wamejitokeza wanunuzi wawili. Dalali ana mtu wa milioni 40 taslimu, na humo anataka asilimia 10 yake. Wa pili ni mkulima wa korosho kutoka Tandahimba, anataka wanawe wasome mjini. Anatoa milioni 48, ila 20 sasa na 28 baada ya minada, kabla ya mwisho wa Januari. Na anataka ahamie mara tu tukipokea hizo 20.

Mimi nataka tumuuzie mkulima. Mume wangu hataki yeyote. Anasema tungoje, mradi wa kusindika gesi kule Likong'o ukianza, bei ya 2012 itarudi. Yale makubaliano ya awali yaliyosainiwa Dodoma Juni 2022 aliyasikiliza redioni amesimama, kama mpira. Simlaumu. Lakini Likong'o iko Lindi, haiko Mangamba, na watu watakaofanya kazi kule watapanga kule. Na nikimuuliza lini, hana jibu. Sisi tunazeeka na bati linapata kutu.

Hata hivyo sitaki nikudanganye kwamba mji umekufa. Mimi napima kwa sufuria. Wakati wa bomba nilikuwa napika kilo 15 za mchele kwa siku, ukaja wakati nikapika 5 na zinabaki. Sasa nimerudi kwenye 11, kwa sababu bandari imechangamka: makaa ya mawe yanashuka kutoka Ruvuma, korosho nazo zinapakiwa hapa. Ila wanaokula kwangu ni madereva, matingo na vibarua. Hao wanatafuta chumba kimoja cha 40,000 karibu na kazi. Nyumba nzima yenye masta na fensi hawana kazi nayo. Kuna jirani alinishauri tuigawe iwe vyumba vya kupangisha, lakini fundi alipotaja choo na milango ya ziada ilifika milioni 7, na mume wangu ameshaapa hakopi tena.

Kwamba hatutairudisha ile milioni 68 nimeshakubali moyoni. Tangu kiwanda cha Dangote kianze hapa mwaka 2015 saruji haisafiri tena kutoka mbali, na viwanja vilivyopimwa vimekuwa vingi. Mtu mwenye milioni 50 anaweza kujenga yake, kwa nini alipie kupanda kwa bei za wakati wetu?

Ninachoogopa ni hizo 28. Korosho tunaijua. Msimu wa 2024 mnada wa kwanza bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakanunua pikipiki na mabati. Lakini msimu wa 2018 pia tunaukumbuka, serikali ilipozichukua kwa 3,300 na wakulima wengi wakakaa miezi wakingoja malipo. Mkulima huyu namwona mwaminifu, amekuja na mkewe, wamekagua mpaka karo la maji machafu. Ila mvua ikinyesha vibaya wakati wa maua, uaminifu wake utanilipa nini, naye ameshalala chumbani kwangu?

Jambo jingine ni karatasi. Tulinunua kwa mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa ofisi ya mtaa. Kiwanja kimeshapimwa, lakini hati hatujaifuatilia mpaka mwisho. Mwaka juzi nesi mmoja wa hospitali ya kanda alitaka kuinunua kwa mkopo, benki ikamwambia bila hati hakuna mkopo, tukamkosa.

Kwa hiyo naomba unisaidie haya. Je, tufuate hati kwanza hata kama mkulima ataondoka? Tukimuuzia, mkataba uandikweje ili asihamie, au akihamia iwe kama mpangaji, mpaka 28 zitimie? Na akishindwa, zile 20 tunamrudishia zote? Kodi ya serikali nasikia ni asilimia 10 ya faida. Sisi faida hatuna, je, risiti zangu za kwenye kopo zitatosha kuonyesha hivyo? Tena nimeambiwa mimi na mume wangu lazima wote tusaini. Sitaki kumlazimisha, nataka nimwonyeshe jibu lako tukae tulisome pamoja.

Mkulima amesema anarudi mjini Jumamosi ya wiki ijayo na milioni 20 zake. Nakuomba unijibu kabla ya hapo.

Msomaji wako,
Mama wa watatu, Chikongola, Mtwara