Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hifadhi: Kina cha maji ndicho kiamue

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tangazo lako nimelisoma mara tatu pale langoni, gunia la taka nililotoka nalo mtoni likiwa bado mkononi. Linasema kwamba msimu ujao bwawa la chemchemi litafunguliwa kwa waogeleaji, maegesho ya magari yatapanuliwa, na maboya ya kuelea yatakodishwa kuanzia kwenye chanzo chenyewe badala ya kule chini darajani. Mtu aliyesimama nyuma yangu alishangilia. Mimi nilinyamaza. Si kwamba sipendi watu waje mtoni. Mto huu nimeujua tangu nikiwa mtoto, na hakuna kinachonifurahisha kama kumwona mtu akitumbukiza uso majini kwa mara ya kwanza, kisha akaibuka ameduwaa. Nilinyamaza kwa sababu tangazo zima halina neno hata moja kuhusu kina cha maji.

Hilo tu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Idadi ya watu watakaoingia mtoni, na mahali watakapoingilia, naomba viamuliwe na maji yenyewe, wala visiamuliwe na kalenda ya likizo au hesabu ya tiketi.

Mto wa chemchemi una tabia zake. Mto unaotegemea mvua hufurika, hukokota tope, hubomoa kingo na kuzijenga upya, kisha maisha yake yakaendelea, kwa kuwa umezoea misukosuko. Huu wetu hutoka ardhini ukiwa na joto lile lile mwaka mzima, kwa mwendo ambao haubadiliki ghafla, na kwa sababu maji ni maangavu, mwanga wa jua hufika mpaka chini. Huko chini ndiko ziliko nyasi za majini. Nyasi hizo ndizo zinazoshika mchanga usitifuke. Konokono hula ukungu unaoota kwenye majani yake, vifaranga vya samaki hujificha humo, na kasa hupita wakichuma. Mchanga ukitulia, maji hubaki maangavu, na maji yakiwa maangavu nyasi hupata mwanga. Katika duara hilo hakuna gharika inayokuja kila mwaka kusafisha makosa yetu. Jani likikatwa, litaota tena. Mzizi ukishang'oka kwenye mchanga laini, pale panabaki kipara, na kipara huanza kutafunwa na mkondo pembeni mwake.

Sasa tazama mtu anavyopita hapo. Maji yakimfika kifuani, mtu huelea. Miguu yake haigusi chini, na hata kundi la watu ishirini huweza kupita bila kuacha alama. Maji yakishuka mpaka magotini, mtu yule yule husimama. Hutembea, huburuta boya lake, humshika mwenzake mkono, hurudi nyuma kuokota kiatu kilichomtoka. Uharibifu wote niliouona kwa miaka ninayopiga mbizi kukusanya taka umetokana na miguu. Kiangazi cha mwaka juzi maji ya sehemu ya juu yalishuka sana. Wageni hawakuwa wengi kuliko kawaida. Kwa macho yangu walikuwa wachache. Hata hivyo, kufikia mwisho wa msimu nilihesabu vipara kumi na kimoja kati ya chanzo na mti ulioanguka, mahali ambapo mwaka uliotangulia palikuwa na viwili. Mwaka jana mvua zilikuwa nzuri, maji yakapanda, watu wakafurika, na vipara vinne vikaanza kufunikwa na nyasi. Mimi si mtafiti, na hesabu ya mtu mmoja mwenye miwani ya kuogelea si utafiti. Lakini inatosha kukuomba uwatume wenye ujuzi wakapime kabla ya kufungua.

Wapo waliotutangulia katika jambo hili. Katika mto San Marcos huko Texas, Marekani, unaotoka kwenye chemchemi, kuna mpunga mwitu ambao hauoti kwa asili mahali pengine popote duniani. Watu huogelea humo, huelea humo, na mji umejengwa kandokando yake. Hawakuufunga. Waliitenga sehemu yenye mpunga huo kuwa eneo la kisayansi, na maji yanaposhuka hadi futi za ujazo 120 kwa sekunde, yaani takriban lita 3,400, wahifadhi wanaruhusiwa kuzungushia uzio sehemu zilizo hatarini ili watu wasizikanyage. Maji yakipanda, uzio huondolewa. Hakuna anayegombana na askari wa hifadhi, kwa sababu kipimo kinaonekana na kila mtu.

Kule Crystal River, katika jimbo la Florida, Marekani, kuna kimbilio la wanyamapori lililoanzishwa mwaka 1983 mahsusi kwa ajili ya nguva. Maji ya chemchemi zake hukaa kwenye nyuzi joto 22 hivi, na bahari ikipoa chini ya nyuzi 20 nguva huanza kuwa hatarini, kwa hiyo hukimbilia huko kujipasha joto. Siku za baridi kali, wanaposongamana kwenye chemchemi zinazoitwa Three Sisters, mlango wa waogeleaji hufungwa. Baridi ikipungua na nguva wakitawanyika, hufunguliwa. Hapo pia anayetoa amri ni maji na mnyama. Ofisi husoma tu kipimajoto na kutii.

Nao mto Ichetucknee, katika jimbo hilo hilo, ulipata funzo kwa njia chungu. Miaka ya 1970 watu walikuwa wakielea humo kwa maelfu, mimea ya chini ikachakaa, na hatimaye sehemu ya juu, ile iliyo nyembamba na yenye kina kifupi, ikawekewa kikomo cha watu 750 kwa siku. Waliozidi hapo walianzia chini, kwenye maji mapana na yenye kina. Naomba uangalie jambo moja hapo, Mheshimiwa: walizuia juu, wakaachia chini. Tangazo lako linafanya kinyume chake. Linawachukua watu kutoka darajani, ambako maji ni mengi na chini ni mawe, na kuwapeleka kwenye chanzo, ambako chini ni mchanga na nyasi tupu.

Nifike sasa kwenye jicho la chemchemi, kwani hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mara ya kwanza nilipolitazama nilikuwa na baba. Alinilaza kifudifudi kwenye ubao wa kivuko, akanishika kiuno nisitumbukie, akasema tazama mchanga unacheza. Na kweli ulikuwa unacheza: punje nyeupe zikiinuka na kushuka mahali maji yanapopenya, kama uji unaochemka polepole, ila bila moto. Nimewalaza watoto wengi kwenye ubao ule ule tangu siku hiyo. Mtu mmoja akisimama juu ya jicho lile, mchanga hutifuka na yule anayefuata hakuna anachokiona. Wakisimama watu mia kwa siku, kingo zake hubomoka na matundu madogo huziba.

Kwa hiyo naomba bwawa la chanzo lisifunguliwe kwa kuogelea hata kidogo, liwe kiangazi au masika. Watu walione, walizunguke, walale kifudifudi kulitazama, lakini wasiliingie. Usiogope kwamba watachukia. Huko New Zealand, chemchemi za Te Waikoropupū ni miongoni mwa maji maangavu kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani. Mwaka 1993 ilipimwa kwamba mtu anaweza kuona umbali wa meta 63 ndani yake. Ni mahali patakatifu kwa Wamaori, na hairuhusiwi hata kuyagusa maji yale. Watu hufika kutoka kila bara, husimama kwenye jukwaa la mbao, na huondoka wameridhika. Katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, chemchemi za Mzima zina chumba cha kutazamia kilichojengwa chini ya maji, mgeni akashuka ndani na kuwaona samaki wakipita mbele ya kioo, na akibahatika, kiboko akitembea chini. Huko Silver Springs, Florida, mashua zenye sakafu ya kioo zimekuwa zikibeba wageni tangu karne ya 19. Watu hulipa kutazama. Hofu ya mapato naielewa, kwa maana najua mishahara ya walinzi hutoka langoni, lakini chumba kama kile au mashua moja ya kioo italeta fedha miaka mingi baada ya maboya kuharibu mto.

Kuhusu maegesho nina neno zito zaidi ya hayo yote, na nasikitika kwamba hakuna aliyelisema kwenye kikao cha wadau. Eneo lililowekwa vigingi liko juu ya mteremko, karibu na yale mashimo mawili ya ardhi iliyodidimia. Mashimo hayo hayako pale bure. Ardhi ya chokaa imetobokatoboka, na mvua ikinyesha juu yake hushuka moja kwa moja bila kuchujwa sana, ikasafiri kwenye mianya ya mwamba mpaka ikatokea chemchemini. Ukiweka lami pale, mafuta ya magari na vumbi la matairi vitaingia kwenye tundu la mtungi tunaonywea maji. Maji ya chemchemi huanza safari mbali sana na macho yetu: yale ya Mzima ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyopenya kwenye miamba ya volkano na kusafiri kilometa zipatazo 50 chini ya ardhi. Ndiyo maana Florida haikuishia kuhesabu waogeleaji. Iliweka kiwango kwamba nitrati katika chemchemi zake isizidi miligramu 0.35 kwa lita, kwa kuwa mbolea za mashambani na mashimo ya maji taka ya majumbani vilikuwa vinalisha mwani, na mwani ukifunika nyasi, nyasi hufa hata kama hakuna aliyezikanyaga. Sogeza maegesho yashuke upande wa daraja. Ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, na kwa wasioweza kutembea gari dogo moja latosha.

Na chemchemi hukauka, Mheshimiwa. Zile za Comal huko Texas, zilizo miongoni mwa kubwa kabisa katika jimbo hilo, ziliacha kutiririka kwa miezi kadhaa mwaka 1956, wakati ukame mrefu ulipokutana na visima vilivyokuwa vikivuta maji hayo hayo chini ya ardhi. Ziliporudi, samaki mdogo aliyekuwa akiishi humo alikuwa ametoweka, ikabidi aletwe tena kutoka San Marcos. Visima vinavyochimbwa kuzunguka hifadhi yetu haviko chini ya ofisi yako, najua, ila sauti yako inasikika katika ofisi inayotoa vibali.

Mtangulizi wako alijaribu kuufunga mto wote. Nilikuwepo. Wiki ya pili uzio ulikuwa umekatwa sehemu tatu, watu wakiingilia kichakani na kutokea kwenye kingo laini kabisa, ambako hapakuwa na ngazi wala mlinzi. Madhara ya miezi ile minne bado yanaonekana. Siombi turudi huko. Watoto waogelee, wazee waje wakae kivulini miguu ikiwa majini, wenye kayaki wapige makasia mpaka jioni, lakini pale chini, kwenye maji yanayoweza kuwabeba. Sehemu ya kati ifunguliwe maji yakiwa juu ya alama na ifungwe yakiwa chini yake. Nguzo ya kupimia kina ipo tayari kwenye kivuko, imeota kutu tu. Ipakwe rangi nyekundu mahali wataalamu watakapoona panafaa, na kila asubuhi mlinzi aandike kipimo langoni, mgeni akisome kabla ya kulipa. Chupa na mikebe ya kutupwa iachwe kwenye magari. Gunia nililokuwa nimelishika nikisoma tangazo lako lilikuwa na mikebe thelathini na miwili, yote ya wikendi moja.

Msimu unafunguliwa baada ya wiki saba. Nakuomba uje mtoni kabla ya hapo, siku yoyote, alfajiri, wakati maji hayajatifuliwa. Nitakuletea miwani na mrija wa kupumulia vya saizi yako. Tutaingilia darajani na kupanda taratibu kwa kuelea, nikuoneshe vipara kimoja kimoja, na vile vinne vinavyoanza kufunikwa na nyasi. Tukifika kwenye kivuko tutatoka majini, tulale kifudifudi kwenye ubao.

Wako katika kuutunza mto,

Mwogeleaji na mkusanya taka wa kujitolea