Krediti za masomo ya uuguzi zisituteketezee miaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe ndugu zetu wanaoanza uuguzi katika vyuo vya jamii hapa Marekani. Njia yenyewe ni nzuri: ada nafuu, takriban miaka 2 ya stashahada, kisha mtihani wa leseni wa NCLEX-RN, uleule wanaofanya wenye shahada.

Kinachoniuma ni kuhamia shahada. Nilisoma anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia usiku, mchana nikihudumia wazee. Nilipoomba chuo kikuu niliambiwa masomo hayo yamepitwa na muda, niyarudie. Yote matatu! Nililipa ada mara mbili, na mwanangu akawa analala kwa jirani muhula mzima.

Katika jimbo hili la New York, sheria ya mwaka 2017 inawataka wauguzi wapya wenye stashahada wapate shahada ndani ya miaka 10 tangu leseni. Basi vyuo viseme wazi, tangu siku ya kujiandikisha, krediti zipi (yaani alama za masomo uliyokwisha kufaulu) zitapokelewa na chuo kikuu na kwa muda gani. Nawe mwanafunzi, usikubali ahadi ya mdomo. Omba makubaliano ya chuo chako cha jamii na chuo kikuu unakotaka kuhamia kwa maandishi, na utunze muhtasari wa kila somo.

Muuguzi,
Bronx, New York