YAH: Malalamiko kuhusu ngazi iliyonivunja mkono na kauli ya "panda tuone"

Chumbageni, Tanga
2 Aprili 2024

Mkurugenzi Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na mikono yako yote miwili ikifanya kazi. Wangu wa kulia umo kwenye plasta, kwa hiyo mjukuu wangu anaandika na mimi natamka. Ameniomba nipunguze ukali, nami nimepunguza kadiri nilivyoweza.

Ngazi yenyewe ni ile ya aluminiamu ya vipande viwili, niliyoinunua katika tawi lenu la Tanga tarehe 2 Machi kwa shilingi 285,000, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo. Masharti ya waranti mliyaandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea.

Jumatatu ya tarehe 18 Machi, mwezi mtukufu, nimefunga, nilikodi guta kuirudisha ngazi dukani. Nilimweleza msimamizi wa tawi yaliyonipata na kuweka juu ya kaunta ile raba ya mguu wa ngazi iliyochomoka. Aliitazama raba, akanitazama mimi na plasta yangu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Bibi, ngazi haina tatizo lolote. Hebu panda tuone ulivyoanguka." Wateja wakacheka. Mimi nina miaka 67, na katika miaka 34 ya uuguzi sikuwahi kumwambia mgonjwa aliyevunjika mguu akimbie nimwone.

Ajali ilitokea tarehe 9 Machi. Masika yalikuwa yanakaribia, na gata za paa langu zilikuwa zimejaa majani ya mwembe. Mtu anayekinga maji ya mvua hawezi kuziacha hivyo. Gata iko mita 3.2 kutoka chini, nami niliweka miguu ya ngazi sentimita 80 kutoka ukutani, yaani mita moja nje kwa kila mita nne za kwenda juu, kama inavyotakiwa. Chini palikuwa sakafu ya saruji, kavu. Mjukuu wangu huyu alishika ngazi, nami sikuvuka kipandio cha nne kutoka juu. Raba ya mguu wa kulia imeshikwa kwa ribiti mbili, vile vipini vya chuma vya kubania. Ya mguu wa kushoto ilishikwa kwa ribiti moja, na tundu la pili liko wazi mpaka leo, halijawahi kuguswa na ribiti yoyote. Raba ikachomoka, aluminiamu tupu ikateleza kwenye saruji, na mtoto wa miaka 13 hana nguvu za kuzuia ngazi iliyokwisha kuondoka na bibi yake juu. Nilitanguliza mkono, mfupa wa juu ya kiwiko cha mkono ukavunjika. Nyie mnaouza vitu hivi mfahamu kwamba mwanamke akishakoma hedhi mifupa yake hupungua uzito, na kwamba lau ningeangukia ubavu ingekuwa nyonga, na mzee aliyevunjika nyonga wengi wenu mmeshamzika mmoja. Nimewapokea wodini wakwezi walioanguka minazini, najua mtu anavyoletwa.

Msimamizi wenu aliniambia pia kwamba wazee hawapandi ngazi. Nani basi apande? Watoto wangu wako huko huko Dar es Salaam mliko ninyi, na fundi anayeahidi kuja Jumamosi huja Jumamosi ya mwezi mwingine. Muuzaji wenu aliyepokea fedha zangu hakuniuliza umri, alisema, "Mama, hii hata ukilala juu yake." Kibandiko kinasema kilo 150, nami nina kilo 61. Maelezo mengine yote yameandikwa kwa Kichina. Kama si ya watu waliofikisha miaka 60, andikeni hivyo kwa Kiswahili, ubavuni mwa ngazi, kabla ya kupokea fedha za wastaafu.

Narudi kwenye "panda tuone", kwa sababu kuna jambo nililoliruka kwa aibu. Nilisimama pale kaunta dakika arobaini. Kijana mmoja wa kubeba mizigo, Mungu ambariki, aliniletea kiti cha plastiki, naye msimamizi akamwambia arudi stoo. Kisha yeye mwenyewe akaisimamisha ngazi ukutani, bila raba ya kushoto, kwenye marumaru zenu, akaniita kwa kidole: "Njoo, bibi, panda tuone." Nilikuwa sijakanyaga hata kipandio kimoja. Ngazi ilianza kuteleza peke yake, kama shubiri moja, na yeye ndiye aliyeruka nyuma. Kicheko kikakatika. Mtu mwenye haya angeomba radhi hapo. Yeye alichukua risiti yangu na kuandika nyuma yake maneno mawili, "Matumizi mabaya", akapiga muhuri.

Nilipoanza kutamka barua hii nilikusudia kudai shilingi 285,000 tu. Sasa nadai pia gharama za hospitali, shilingi 412,000, na za guta, shilingi 15,000, kwenda na kurudi. Nadai ngazi zote za aina hiyo zitolewe madukani zikaguliwe ribiti zake, moja moja. Na nadai radhi ya maandishi, iliyosainiwa na msimamizi yule, ibandikwe pale pale kaunta alikofanya watu wanicheke. Nilitaka kuwapa siku 21, lakini nimefika hapa naona 14 zinawatosha. Zikipita, malalamiko yatakwenda Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, na Shirika la Viwango litaletewa picha za lile tundu lisilo na ribiti. Wakili nimeshaongea naye. Ni mtoto niliyemzalisha mama yake.

Juzi kuna mtu wa tawi amepiga simu akitaka niirudishe ngazi "ikaangaliwe", kwa upole ambao sikuuona tarehe 18. Ngazi iko uani, nimeifunga kwa mnyororo kwenye mwembe, na raba yake iko kabatini pamoja na risiti yenye muhuri wenu. Mtakayemtuma kuitazama anakaribishwa na atapewa kiti. Kuichukua, hapana.

Wako,
Mteja wenu, muuguzi mstaafu

Nakala: Meneja wa Tawi, Tanga