Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: nauli ya mwanafunzi itangazwe ndani ya daladala

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Kutangaza nauli ya mwanafunzi kwa abiria wote

Mimi ni mzazi wa watoto wawili wanaokwenda shule kwa daladala jijini Dar es Salaam. Nauli zilipopanda Desemba 2023, na mtu mzima akaanza kulipa shilingi 600 badala ya 500 kwa njia isiyozidi kilomita 10, nauli ya mwanafunzi iliachwa palepale kwenye shilingi 200. Kwangu uamuzi ule ulikuwa msaada mkubwa, kwani mtoto anayepanda gari moja kwenda na moja kurudi hutumia shilingi 400 kwa siku, ilhali kwa nauli ya mkubwa angehitaji 1,200.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa kituoni Buguruni. Binti wa darasa la nne au la tano, sare imenyooshwa vizuri na sarafu ya mia mbili ameibana kiganjani, alizuiwa mlangoni na konda aliyesema, "Wanafunzi wawili tu, wameshatosha." Abiria mmoja akadakia kwamba hata hao wawili wamebebwa kwa hisani. Hakuna aliyembishia. Gari la nne ndilo lililomchukua, na saa moja na nusu asubuhi ilikuwa imeshapita.

Neno hilo hisani, Mheshimiwa, ndilo lililonifanya niandike. Nauli iliyopangwa na Serikali inachukuliwa na watu wazima, ndani ya gari lenye leseni, kuwa ni sadaka ya konda, na mtoto mwenyewe hana pa kuonyesha kwamba ni haki yake. Simlaumu konda peke yake. Yeye na dereva wana hesabu, yaani fedha za siku, ya kumpelekea tajiri mwenye gari jioni, na nafasi ya mwanafunzi huleta theluthi tu ya nauli ya mtu mzima. Kwa hiyo ujumbe huu umfikie pia mwenye gari anapokata leseni, ili anapopanga hesabu ya siku awakumbuke wanafunzi.

Naomba kila daladala ibandikwe bango karibu na mlango, kwa maandishi ambayo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyasoma, likitaja shilingi 200, utaratibu wa sare na kitambulisho, utaratibu wa Jumamosi, ambapo ugomvi huwa mkubwa zaidi, na namba ya simu ya kupiga bila malipo mtoto anapokataliwa. Redio nazo zitangaze alfajiri, wakati madereva wengi wamezifungulia.

Shule zitakapofunguliwa Januari, watoto wengi wa kidato cha kwanza watapanda daladala peke yao kwa mara ya kwanza. Naomba wayakute mabango hayo yameshabandikwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi, Dar es Salaam