Malalamiko kuhusu spoila ya nyuma na matundu yaliyotobolewa kwenye gari langu bila ridhaa

Chumbageni,
Tanga.

Meneja,
Duka la Vipuri na Mapambo ya Magari,
Ngamiani, Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: UFUNGAJI MBOVU WA SPOILA NA UHARIBIFU WA MLANGO WA NYUMA WA GARI LANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja niliyenunua kwenu spoila ya ukingo wa paa, yaani bawa la kuongoza upepo linalokaa juu ya kioo cha nyuma, kwa ajili ya gari langu aina ya Nissan X-Trail, rangi nyeupe ya lulu, na kulipia ufungaji wake katika karakana iliyo nyuma ya duka lenu. Nililipa shilingi 420,000, na risiti yenu ya EFD inaonyesha kwamba kiasi hicho kinajumuisha spoila yenyewe, rangi na kazi ya fundi. Nimelazimika kuandika kwa sababu malalamiko niliyoyatoa kwa mdomo na kwa WhatsApp yamekuwa yakijibiwa kwa maneno ya kuzungukazunguka, na kila mara mazungumzo yanaishia kwenye habari ya gundi. Gundi ni jambo dogo katika shauri hili. Jambo kubwa ni kwamba mafundi wenu wametoboa mlango wa nyuma wa gari langu bila kuniuliza, wakaficha matundu hayo chini ya spoila, na sasa bati linaliwa na kutu.

Kabla ya kulipa nilimuuliza kijana wenu wa mauzo swali moja mahususi, nalo ni kama spoila hiyo inafungwa kwa bolti au inabandikwa. Jibu lake ninalo hadi leo kwenye simu: "Hatutoboi bosi, tunabandika kwa tepu ya pande mbili, ni ya moto sana." Nililiamini jibu hilo kwa kuwa njia hiyo ipo na ni halali kabisa. Tepu za povu la akriliki hushikilia nembo, mikanda ya pembeni na hata baadhi ya spoila zinazotoka nazo kiwandani, alimradi anayezibandika afuate masharti yake: uso wa rangi usafishwe kwa spiriti mpaka nta na mafuta yote yatoke, spoila ikandamizwe kwa nguvu kila mahali, kisha gari lisioshwe wala kutembezwa kwa kasi mpaka gundi ishike. Watengenezaji wa tepu za namna hii wanaeleza kwamba hushika kikamilifu baada ya takribani saa 72. Mimi nilikabidhiwa gari jioni ya siku ileile, likiwa limeshaoshwa na kung'arishwa kwa nta, na fundi aliyenipa funguo aliniambia naweza kwenda nalo popote.

Haukupita muda mrefu kona ya kulia ikaanza kuinuka. Nilianza kuisikia nikiwa njiani kuelekea Segera, mluzi mwembamba juu ya kioo cha nyuma uliokuwa ukikua kadiri gari lilivyoongeza mwendo. Niliirudisha kwenu, na fundi akamimina supagluu kwenye mwanya, akaikandamiza kwa kiganja na kunitakia safari njema. Supagluu ikikauka inakuwa ngumu na haivumilii mtikisiko wala tofauti ya joto kati ya bati na plastiki, kwa hiyo haikushangaza kwamba mwanya ulirudi, safari hii ukiwa na michirizi myeupe juu ya rangi ambayo haitoki kwa kuosha.

Mvua za masika zilipoanza ndipo nilipogundua ukubwa wa tatizo. Zulia la buti lilikuwa limeloa upande wa kulia, na kila nilipofungua mlango wa nyuma maji yalitiririka kutoka ndani ya kava lake. Nilimpelekea fundi bodi mwingine, ambaye hana uhusiano wowote na ninyi, akafungua kava la ndani mbele yangu. Tulikuta matundu manne yaliyotobolewa kwa drili kutoka nje hadi ndani, mawili kila upande, na bolti zikiwa zimekazwa moja kwa moja juu ya bati bila washa ya mpira. Kingo za matundu zilikuwa bado na meno ya drili. Nilipopitisha kidole kwenye moja liliniparua. Hakukuwa na praima wala rangi, bali chuma kitupu ambacho tayari kimegeuka rangi ya kahawia kwa upana unaozidi ule wa sarafu ya shilingi mia mbili. Chembechembe za chuma zilizotoka kwenye drili hazikufagiliwa. Zimekusanyika chini ya mlango karibu na vitobo vya kutolea maji, zikachanganyika na vumbi na kuota kutu pale zilipolala, na sasa rangi ya ndani nayo imeanza kuvimba.

Naomba mlitazame hili kwa makini kuliko yote mengine. Bati la gari linapotoka kiwandani limekingwa kwa tabaka kadhaa, na praima ya kwanza hupakwa kwa kuzamisha bodi nzima kwenye pipa la dawa ili ifike hata mahali ambapo mkono haufiki. Drili hukata tabaka zote hizo kwa mara moja. Fundi anayejua kazi yake, hata akiwa na ruhusa ya kutoboa, husugua kingo kwa msasa, hupaka praima ya kuzuia kutu, huipaka rangi, huiacha ikauke, na ndipo huweka bolti yenye mpira na kuziba kwa gundi maalumu ya magari. Mafundi wenu walitumia silikoni yenye harufu ya siki, ile inayozibia mabafu na matangi ya samaki wa mapambo. Harufu hiyo ni asidi inayotoka silikoni inapokauka, na asidi hiyo hula chuma kitupu. Yaani hata kile kidogo kilichowekwa kwa ajili ya kuziba kilisaidia kuharibu.

Haya yangekuwa mabaya hata Dodoma, lakini sisi tuko Tanga. Kila mwenye gari hapa mjini anajua jinsi chumvi ya bahari inavyofanya kazi, na anayeishi karibu na Raskazone au Sahare anajua zaidi. Chumvi hubaki juu ya chuma na kuvuta unyevu hata siku ambazo hakuna mvua, na chuma chenye unyevu wa chumvi huoza haraka kuliko chuma chenye maji ya kawaida. Kampuni inayofanya biashara ya magari katika mji huu haiwezi kudai kwamba haikulifahamu hilo.

Kuna suala la taa, nalo ni la usalama. Taa ya tatu ya breki ya gari langu, ile ya juu ya mlango, iliondolewa na mahali pake pamefunikwa na spoila, na badala yake spoila imekuja na taa yake ya LED. Mafundi wenu walikata nyaya za awali, wakazisokota kwa mkono na kuzifunga kwa tepu nyeusi, bila kuziunganisha kwa lehemu na bila kiunganishi cha aina yoyote. Maji yalipoingia, taa ikazima. Niliambiwa na shemeji yangu aliyekuwa akinifuata kwa gari lake kutoka Pongwe, la sivyo ningeendelea kutembea hivyo, kwa kuwa dereva hana namna ya kuiona akiwa kwenye usukani. Taa hiyo huwekwa juu ili dereva wa gari la pili au la tatu aione kupitia vioo vya magari yaliyo mbele yake, na Marekani iliilazimisha kwa magari madogo ya kuanzia mwaka 1986, kisha kwa magari ya aina ya SUV na pikapu kuanzia mwaka 1994. Kijana wenu wa mauzo, nilipomweleza, alisema taa mbili za chini zinatosha. Sikumjibu.

Spoila hiyo pia imefunika tundu linalorusha maji ya kusafishia kioo cha nyuma, kwa hiyo waipa sasa inasugua vumbi kavu. Mojawapo ya sababu zilizonifanya niinunue ni kwamba mliniambia itapunguza vumbi kwenye kioo hicho, maana nasafiri mara nyingi vijijini ambako barabara ni za changarawe, na mtu yeyote mwenye gari lenye nyuma iliyokatwa wima anajua jinsi hewa inavyozunguka pale na kuvuta vumbi. Vumbi halijapungua, na njia ya kulisafisha imezibwa. Kuhusu madai yenu kwamba itapunguza matumizi ya mafuta, sidai chochote. Sikuyaamini hata siku ile.

Aidha, tangazo lenu lilisema spoila ni ya plastiki ya ABS. Iliyofungwa ni ya faibaglasi, jambo ambalo fundi bodi alilithibitisha kwa kuangalia upande wa ndani ambako nyuzi zinaonekana wazi, na ina uzito unaozidi uwezo wa shokapu za mlango. Mlango ukifunguliwa haukai juu, bali unashuka polepole hadi kichwani kwa anayepakia mizigo. Sokoni Mgandini natembea na kipande cha mti wa ufagio cha kuuegemeza, na watu wa pale wameshaanza kunitania. Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi tu: nyeupe ya lulu hupulizwa kwa tabaka tatu, ya chini, ya lulu na ya kung'aa, lakini spoila imepulizwa nyeupe ya kawaida, na juani inaonekana kama imetolewa kwenye gari jingine.

Majibu niliyopewa na ofisi yenu hadi sasa ni mawili. La kwanza ni kwamba spoila iling'oka kwa sababu ya upepo wa barabara kuu na mwendo wangu. Sielewi jinsi kifaa kilichotengenezwa ili kikutane na upepo kinavyoweza kutetewa kwa kusema kwamba kilikutana na upepo; na hata kama ningekuwa naendesha kama dereva wa basi aliyechelewa, mwendo hautoboi bati. La pili ni kwamba matundu yalitobolewa "kwa usalama wa mteja" baada ya fundi kuona tepu haitoshi. Kama fundi aliona tepu haitoshi, namba yangu ya simu ilikuwa kwenye karatasi ya kazi aliyokuwa ameishika. Alipaswa kunipigia, nami ningekataa, na gari langu lingebaki zima. Jibu hili la pili lina faida moja tu kwangu, nayo ni kwamba linakiri kwa maandishi nani alitoboa na kwa nini.

Maneno "bidhaa ikishafungwa hairudishwi" yaliyogongwa kwa muhuri chini ya risiti yenu hayahusiani na shauri hili. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayolingana na maelezo aliyoyatoa, na faibaglasi si ABS. Isitoshe, sehemu kubwa ya madai yangu haihusu bidhaa iliyorudishwa bali mali yangu iliyoharibiwa ikiwa mikononi mwenu.

Kwa hiyo nadai spoila iondolewe kwa gharama zenu na nirudishiwe shilingi 420,000 zote. Nadai pia mlipie matengenezo ya mlango katika karakana nitakayoichagua mwenyewe, kwa kuwa sitaliacha tena gari langu mikononi mwa mafundi walewale. Matengenezo hayo ni kukata bati lililooza, kuchomelea viraka vya bati jipya, kupaka praima ndani na nje, na kupuliza mlango mzima kwa tabaka zake tatu. Sitakubali matundu yazibwe kwa pati, ule unga mzito wa kujazia mabonde ya bodi, kwa kuwa pati juu ya kutu hunyonya unyevu na kupasuka, na baada ya masika mbili tutakuwa tumerudi hapahapa. Nyaya za taa ya breki ziunganishwe upya na fundi umeme wa magari, na taa ya awali, ambayo mafundi wenu waliitoa na hawajanirudishia, irejeshwe au inunuliwe nyingine. Makadirio ya fundi bodi na ya fundi umeme nimeyaambatanisha pamoja na barua hii, sambamba na nakala ya risiti, picha za matundu zilizopigwa siku kava lilipofunguliwa, na mazungumzo yetu ya WhatsApp.

Nawapa siku kumi na nne tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi lenye hatua zinazoeleweka, nitawasilisha malalamiko haya kwa Tume ya Ushindani, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha, na nitafungua madai ya fidia mahakamani hapa Tanga.

Iwapo mtapenda kumtuma mtu wenu akague gari kabla ya kujibu, anakaribishwa nyumbani siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi jioni. Mlango bado haujafungwa kava lake, na bolti nne nimezihifadhi kwenye mfuko kama zilivyotolewa. Aje na karatasi ya kazi yenye sahihi ya fundi aliyefunga, maana nakala niliyopewa mimi haina jina la mtu.

Wenu,

Mteja
(Jina, sahihi na namba ya simu ni kama zilivyo kwenye risiti iliyoambatanishwa)