Barua kuhusu turubai la bluu

Iringa,
Julai

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku, ambako kipupwe kimetubana kiasi kwamba kila asubuhi nazipasha tyubu za rangi viganjani kabla ya kuzifungua. Barua yako kutoka Mbeya imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba nyumbani wote ni wazima. Uliniuliza habari za ile picha ya shangazi akipura maharage, na kwa kuwa jibu lake si la neno moja, nimeona nikae nikuandikie kwa utulivu.

Picha bado haijaisha. Naichora kwenye kipande cha hadibodi cha futi mbili kwa futi mbili, kipimo alichokizoea mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru. Yeye alitumia rangi za kung'aa, zile za kupaka milango na baiskeli, ambazo hukauka upesi na kuacha mpaka mkali kati ya rangi na rangi. Mimi nilihitaji vumbi, na vumbi halina mpaka, ndiyo maana nikachagua rangi za mafuta ya kitani. Mafuta haya hayakauki kwa kuyeyukia hewani kama maji, bali hunyonya oksijeni na kugeuka utando mgumu, na kwa baridi ya msimu huu tabaka moja hunichukua zaidi ya wiki. La kwanza nililipunguza kwa tapentaini, na yanayofuata nayaongezea mafuta kidogo kidogo, kwa sababu la juu likitangulia kukauka, picha itapasuka.

Ardhi yenyewe nimeichora kwa udongo wa Kilolo. Nilichota kopo moja nyuma ya jiko la shangazi, nikauanika, nikauchekecha kwa kitambaa mara tatu, kisha nikausaga pamoja na mafuta juu ya kipande cha kioo mpaka ukaacha kukwaruza. Wekundu wake unatokana na kutu ya chuma, ambayo haipauki kwa jua, na kila nikiutazama naikumbuka ile michoro myekundu ya kale ya mwambani pale Igeleke, karibu na mji huu.

Sasa nikueleze kilichonikwamisha. Shangazi hupura maharage yake juu ya turubai la plastiki la bluu, na nilipoanza kuchora nililiondoa, kwa kuwa niliona linaharibu sura ya kijiji, nikaweka ardhi tupu mahali pake. Alipokuja mjini kuuza maharage, alisimama mbele ya picha kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, "Mwanangu, mbona maharage yangu umeyamwaga mavumbini?"

Swali hilo lilinichoma. Turubai lile alilinunua kwa fedha ya mavuno yaliyopita ili asiendelee kuinama jioni nzima akiokota punje moja moja mchangani, nami nilikuwa nimelifuta kana kwamba ni takataka. Juma lililofuata nilirudi Kilolo, safari hii bila brashi, nikakaa kwenye kigoda nikitazama tu. Ilipofika saa nne, jua lilipiga turubai na mwanga wake ukapanda juu ukiwa umebeba bluu, ukamgusa chini ya kidevu, upande wa ndani wa mikono na kwenye upindo wa kanga, hata kile kivuli nilichokuwa nimekipaka cheusi nikakiona kina bluu ndani yake. Vumbi la maganda lilipopita mbele ya turubai lilikuwa jeupe kama maziwa, na lilipovuka ukingo na kupita mbele ya udongo, vumbi lile lile likageuka rangi ya asali. Nisingeliondoa turubai, ningeliona hilo tangu siku ya kwanza.

Basi nimeikwangua kwa kisu sehemu yote ya chini na kuanza upya. Bluu nimeipata kwa altramarini, ile rangi ya bluu iliyokolea, na nyeupe, pamoja na chembe ya ule udongo mwekundu ili isipige kelele. Uso nao nimeufuta, kwa kuwa niliunakili kutoka kwenye picha ya simu, na ingawa kila kunyanzi lilikuwapo, shangazi hakuwamo. Sasa ameinama, anaonekana shavu moja tu, na huyo ndiye ninayemfahamu.

Limebaki suala la fimbo anayopuria, iwe juu au chini, na hapo nahitaji macho yako, kwa sababu wewe unaujua mwendo wa mwili kuliko mimi. Ikiwa hewani, picha inapata nguvu, lakini naogopa ataonekana kama aliyesimamishwa apigwe picha. Ikiwa imeshatua, maganda yanaruka na vumbi linakuwa na chanzo chake. Naelekea huko kwa pili, ila sijathubutu. Tafadhali njoo kabla ya Agosti kwisha, nitakupokea Ipogolo. Bega lake la kulia nimeliacha bila rangi mpaka tukubaliane, maana fimbo ikiwa juu bega hupanda, na ikiwa chini hushuka.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.